Mita 300 za Mwisho

Mara nyingi katika mashindano ya shule wilayani Ngara na Biharamulo, kijana hufyatuka mwanzoni mwa mbio za mita 1,500 kama anayefukuzwa na nyuki, akafika mzunguko wa tatu miguu imekufa. Watazamaji hucheka, na mwalimu humwonya asithubutu tena kuongoza. Sisi kicheko hicho hatukiungi mkono, na onyo lile tunaliona limekosea shabaha.

Nchi hii ndiyo iliyomtoa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyo wa Karatu aliongoza tangu mlio wa bastola hadi kwenye utepe. Alipita mita 400 kwa sekunde 54.9, mita 800 kwa dakika 1:52.2, na mita 1,200 kwa dakika 2:50.8. Wenzake walimwacha aende, na pengo likawa kubwa. John Walker, mwenyeji, alimjia kwa kasi ya kutisha mwishoni. Lakini Bayi alikuwa amejiwekea akiba. Mita 300 za mwisho alizimaliza kwa sekunde 41.4, akashinda kwa 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker naye, kwa 3:32.5, aliipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun, ila dhahabu ilikwisha kwenda Tanzania.

Wako wanaoshinda kwa njia nyingine. Mjini Montreal mwaka 1976, Bayi akiwa hayupo kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika, mita 800 za kwanza za fainali zilichukua zaidi ya dakika mbili. Wakimbiaji walikuwa wakiviziana tu, kisha Walker akachomoka na kushinda kwa 3:39.17. Na rekodi ya Bayi katika Michezo ya Madola, iliyodumu miaka 48, ilivunjwa Birmingham mwaka 2022 na Oliver Hoare wa Australia, aliyempita Timothy Cheruiyot wa Kenya hatua chache kabla ya mstari. Mjini Paris mwaka 2024, Jakob Ingebrigtsen wa Norway aliongoza karibu mbio nzima, akaishia wa nne.

Basi kuongoza si kosa, wala kuvizia si woga. Kosa ni kukimbia bila kujua sekunde ngapi zimekwisha kutumika. Kijana asiyewahi kusomewa muda wa mzunguko wake atajuaje kama anakwenda kwa sekunde 60 au 70?

Tunawaomba wakubwa wa wilaya hizi mbili mambo madogo. Kila tarafa ipimiwe uwanja mmoja wa mita 400 kwa kamba na chokaa, na mwalimu apewe saa ya kupimia mbio. Ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire na Ikuza nao wasisahauliwe katika mipango ya mkoa: mtoto aliyetikiswa na mtumbwi tangu alfajiri asipangwe kukimbia mchana uleule. Alale usiku mmoja bara, ndipo apimwe na wenzake. Gharama yake ni chakula cha jioni na mkeka, na fungu hilo linaweza kuingizwa katika makadirio ya mwaka ujao.