Skrubu ya Jino na Taya Jembamba



Mnyororo wa mashine ukikatika na kumpiga mtu mdomoni, au mtu akianguka kutoka juu ya trela la miwa, kinachoandikwa kwenye fomu ya ajali ni jino. Mfupa uliolishika jino hauandikwi. Lakini jino likishatoka, mfupa ule huanza kupungua unene. Katika mwaka wa kwanza unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Madai ya fidia yakikaa kabatini miaka miwili, mdai hulipwa akiwa na taya lisilo lile aliloumia nalo. Hapo mwenzetu huambiwa mfupa wake ni mwembamba, hafai kutiwa jino la skrubu; au hutiwa skrubu yoyote iliyopo, ikang'oka. Yafaa tuelewe kwa nini.

Jino la skrubu ni kijiti kifupi cha madini ya titani, chenye hesi, kinachokazwa ndani ya taya mahali pa mzizi, kisha juu yake hufungwa jino la bandia. Njia hii ilifunguliwa na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark. Katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vyombo vya titani, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umeshikamana navyo. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimtilia mgonjwa wake wa kwanza, naye aliishi na skrubu zake zaidi ya miaka 40.

Skrubu hii hushika mara mbili. Siku ile ile hushika kwa kubana tu, kama skrubu katika ubao. Baadaye, kwa wiki na miezi, mfupa mpya huota na kugandamana na titani. Kati ya mishiko hiyo miwili kuna kipindi kibaya, yapata wiki ya 3 na ya 4: mfupa wa zamani unaliwa ili mpya ujengwe, mshiko wa kwanza umepungua, na wa pili haujakomaa. Skrubu ikitikiswa wakati huo, nyama laini huota mahali pa mfupa, na kazi yote imeharibika. Kwa sababu hiyo daktari humkataza mgonjwa kutafunia upande ule, wala si kumsumbua bure.

Sasa umbo. Seremala anajua kwamba ubao laini wataka skrubu yenye hesi za kina na tundu dogo kuliko skrubu yenyewe. Taya nalo ni hivyo. Skrubu iliyo nene juu na nyembamba chini hubana kadiri inavyoingia, na hufaa mfupa laini, kama ule wa nyuma ya taya la juu. Uso wake nao una kazi: za zamani zilikuwa laini, za siku hizi hupigwa mchanga na kuoshwa kwa asidi ili uparuze, na mfupa huushika upesi zaidi. (Kekee nayo ipozwe kwa maji, maana mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 huharibika.) Lakini seremala huyo huyo anajua pia kwamba ubao mwembamba ukibanwa mno hupasuka. Ukuta wa nje wa mfupa, mbele ya taya la juu, mara nyingi haufiki hata mm 1. Ukizidiwa na mkazo hupasuka, au hupungua polepole, na hesi hubaki wazi chini ya ufizi.

Tufanye hesabu. Skrubu ya kawaida ina kipenyo cha mm 4 hivi. Kila upande wake hutakiwa mfupa wa mm 1 kwa uchache, na upande wa nje afadhali 1.5 au 2. Kwa hiyo taya liwe na upana wa mm 6 au 7. Aliyebakiwa na mm 5 ana njia mbili: kuongezewa mfupa, ambako ni operesheni, miezi ya kungoja na gharama nyingine, au kutiwa skrubu nyembamba ya mm 3 hivi.

Skrubu nyembamba si ulaghai, lakini mafundi mitambo wataona tatizo lake mara moja. Chuma cha mviringo cha mm 3 huvumilia kupindwa chini ya nusu ya kile cha mm 4, hata madini yakiwa yale yale. Na skrubu ya jino ina tundu ndani, la kufungia jino la juu, hivyo kuta zake ni nyembamba zaidi. Zipo zilizochanganywa titani na zirkoni ili ziwe imara. Hata hivyo mahali pake hasa ni mbele. Kwenye magego, penye nguvu kubwa ya kutafuna, tungeuliza mara mbili. Wala mtu asidanganywe kwamba skrubu ndefu hufidia wembamba: mzigo mkubwa huangukia shingoni, pale inapoingia mfupani.

Eksirei ya kawaida huonyesha kimo cha mfupa, haionyeshi unene. Unene hupimwa kwa picha ya kompyuta inayoonyesha mkato wa taya. Katibu wa tawi anayeshughulikia ajali ya namna hii adai picha hiyo ipigwe mapema, milimita ziandikwe katika jalada la madai, na gharama ya kuongeza mfupa idaiwe pamoja na ile ya jino.

Kwa mzee asiye na jino hata moja taya la chini, mambo ni mepesi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mfupa wa mbele wa taya hilo kwa kawaida ni mgumu, na skrubu 2 tu hapo hutosha kushika meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yasicheze anapokula.