Kompyuta ya mtumba: Usisahau hesabu ya umeme

Mfugaji anayejua kazi yake hanunui ng'ombe wa maziwa kwa kuangalia bei peke yake. Huuliza pia anakula kiasi gani kwa siku. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifungua steshenari, hununua kompyuta ya mtumba kwa sababu tu ni rahisi, kisha hushangaa uniti za LUKU zikiisha kabla ya mwezi.

Tupige hesabu. Chukulia kompyuta ya mezani ya zamani, pamoja na skrini yake, inatumia wati 120. Ikiwashwa saa 10 kwa siku itakula uniti 1.2. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 31.2. Tukikadiria uniti moja kwa Sh350, mwenye duka atalipa Sh10,920 kwa mwezi. Kompyuta mpakato ya wati 40, kwa muda huo huo, itakula uniti 10.4, yaani Sh3,640.

Tofauti ni Sh7,280 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu inafika Sh262,080, na hapo ndipo penye uamuzi. Ikiwa kompyuta mpakato inaizidi ile ya mtumba kwa bei iliyo chini ya kiasi hicho, basi ya mtumba ndiyo ghali. Ikiwa inaizidi kwa zaidi ya hapo, nunua ya mtumba bila aibu. Kumbuka tu kwamba umeme ukikatika, ya mezani huzimika papo hapo na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Kwa aliyekwisha kununua, ipo nafuu isiyohitaji mtaji. Wengi hudhani picha zinazochezacheza kwenye skrini isipotumika hupunguza umeme. Hazipunguzi. Zilibuniwa kuzuia skrini za chogo zisibaki na alama za kudumu. Ipange mashine ilale yenyewe baada ya dakika 10, na jioni uizime kwenye soketi.

Bei ya kuchapa ukurasa hupangwa na ushindani wa mtaani. Kilichobaki mikononi mwa mwenye duka ni gharama zake. Aanze na daftari: kwa wiki moja aandike uniti zilizosalia kwenye mita asubuhi na jioni. Akiona namba hizo, atajua mashine yake inakula faida kiasi gani.