Binti wa Madrasa Katika Chumba cha Dharura

FURAHA ya mzazi siku anayopata habari kwamba mwanawe amechaguliwa kusomea udaktari haina kifani. Majirani huja kupongeza, dua husomwa, na kuanzia siku hiyo mtoto huitwa "daktari" hata kabla hajauona mlango wa chuo. Furaha hiyo ni ya halali, na umma wetu unawahitaji sana vijana hao. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaoijua njia iliyo mbele yao. Shahada ya udaktari hapa nchini husomwa kwa miaka 5, kisha hufuata mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ndani ya miaka hiyo kuna mahali pamoja ambapo kijana hupimwa elimu yake, subira yake na imani yake kwa wakati mmoja, napo ni chumba cha dharura.

Kamati ya msikiti wetu ilimwalika binti mmoja aliyehitimu katika madrasa yetu, ambaye sasa yuko mwaka wa 5 wa udaktari, azungumze na wazazi baada ya swala ya Isha. Tuliyoyasikia usiku ule tumeona si vyema yabaki ndani ya kuta za msikiti. Tunayaandika kwa idhini yake. Jina lake na la hospitali anayojifunzia tumeyaacha, kwani siri ya mgonjwa ni amana, na binti mwenyewe alichuja kwa makini kila alichotusimulia.

Anayetangulia si aliyewahi kufika

Tiba ya dharura, kama fani inayojitegemea, bado ni changa nchini mwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo yakaanza pale masomo ya kuwaandaa madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Wengi wetu tulikua tukijua kwamba mapokezi ni mahali pa kuandikishwa na kusubiri, na ndiyo maana hadi leo tunagombana na wahudumu tukiona aliyekuja nyuma yetu akiingizwa mbele.

Binti alitueleza kwamba katika hospitali yao kila anayefika hupimwa kwanza mapigo ya moyo, pumzi, joto na presha, akaangaliwa kama ana fahamu zake, kisha akapewa rangi. Nyekundu ni wa kuhudumiwa papo hapo, rangi ya chungwa ni wa haraka sana, njano anaweza kungoja kidogo, na kijani anaweza kungoja zaidi. Cheo hakiangaliwi, wala saa ya kufika. Mwenye kidonda cha mguu atakaa saa nyingi huku mtoto aliyeletwa sasa hivi akipitishwa mbio, na hakuna aliyedhulumiwa hapo. Uadilifu ni kumpa kila mmoja haki yake kwa kadiri ya haja yake, na sisi tuliolelewa katika mafunzo ya Uislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili.

Kuisikia lugha ya mgonjwa

Aliingia katika idara ile akiwa amefaulu vizuri mitihani yake, na wiki ya kwanza ikamnyenyekeza. Vitabuni ugonjwa huja na jina lake, lakini mgonjwa huja na maneno yake mwenyewe. Mzee mmoja alisema anaumwa moyo, binti akaanza kufikiria maradhi ya moyo, kumbe mzee alikuwa anasemea chembe ya moyo, yaani juu ya tumbo. Mama mwingine alisema tu kwamba mwili hauna nguvu na mkono una ganzi, akachelewa kueleweka kwamba alikuwa anaanza kupooza. Amesoma udaktari kwa Kiingereza kwa miaka minne, akajikuta hana budi kujifunza upya kuisikia lugha aliyozaliwa nayo.

Mikono nayo ilimtahayarisha. Kutafuta mshipa wa kuweka dripu kwa mgonjwa aliyeishiwa maji, jamaa zake wamesimama wakimtazama, alikosa mara tatu. "Niliona aibu hata kuinua macho," alituambia. Ndugu mmoja wa mgonjwa akapaza sauti kwamba wao hawakuja kufanyiwa majaribio na wanafunzi. Daktari aliyekuwa akimsimamia hakumfukuza wala hakumtetea kwa maneno mengi. Alikaa kando yake, akauweka mshipa ule mbele ya macho yake polepole, kisha mgonjwa aliyefuata akamwachia yeye.

Somo kubwa zaidi la siku hizo alilipata kwa muuguzi wa makamo, mama aliyefanya kazi miaka mingi. Aliletwa mtoto wa miaka kama mitatu, ameshikwa na degedege tangu asubuhi. Familia ilikuwa imempeleka kwanza kufukizwa, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba mtoto mwenye dege akichomwa sindano atakufa. Walifika hospitalini alasiri, mtoto hana fahamu. Binti alikuwa akiipanga akilini orodha ndefu ya maradhi yanayoweza kumpoteza mtoto fahamu, muuguzi akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, sukari yake ngapi?" Haikuwa imepimwa. Tone moja la damu ya kidole likaonyesha kwamba imeshuka mno. Malaria kali hushusha sukari ya mtoto, na sukari ikishuka ubongo hukosa chakula chake. Akapewa sukari kwa njia ya mshipa, na haikupita muda mrefu mtoto akalia. Tiba ya malaria ikaendelea.

Tangu siku ile, alisema, huona haya kupita mbele ya muuguzi bila kumsalimia na kumuuliza ameona nini kwa mgonjwa. Madrasani tulimfundisha kukaa chini kwa adabu mbele ya mwenye elimu. Hospitalini alijua kwamba mwenye elimu huyo huenda asiwe na cheo kikubwa kumshinda.

Usiku wa mauti

Hakutuficha kuhusu usiku uliomfanya afikirie kuacha masomo. Aliletwa kijana wa bodaboda aliyegongana na lori, hana kofia ngumu. Timu ilifanya yote iliyofundishwa: njia ya hewa, pumzi, kuzuia damu. Moyo uliposimama wakabonyeza kifua kwa zamu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana kila baada ya dakika mbili kwa sababu mikono huchoka na mbonyezo hupungua nguvu. Binti alikuwa mmoja wao. Mwishowe daktari akasema wasimame, akatazama saa, akaandika.

Mama wa marehemu alikuwa nje kwenye benchi. Binti aliandamana na daktari kwenda kumpa habari. Aliyetangulia kusema ni mwanafunzi mwenzake, aliyetaka kumpunguzia mama uchungu, akasema, "Mama, hatunaye tena." Mama akauliza, "Mmempeleka wodi gani?" Daktari akaketi kwenye benchi lile, akahakikisha kwanza kwamba anazungumza na mama mzazi, akamwambia kwa upole na bila kuzungusha kwamba mwanawe amefariki dunia. Mama akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kisha akanyamaza kimya ambacho binti hajakisahau. Ndipo alipojua kwamba neno la kuficha linamwongezea mfiwa mzigo, kwani humlazimu kuifahamu habari mara mbili.

Siku mbili baada ya hapo hakula chakula cha maana. Alimpigia simu baba yake, fundi cherehani tunayemjua sote hapa msikitini, akamwambia hawezi tena. Baba hakumhutubia. Alimuuliza kama alifanya aliyofundishwa. Akajibu, "Ndiyo, baba." Baba akasema, "Basi kale, ulale, kesho urudi." Kisha akawa anampigia kila siku baada ya Alfajiri, dakika chache tu, bila kuuliza habari za mitihani.

Ajali, sababu na dhamana

Hapa tunapenda kusema neno na wazazi. Itikadi yetu inafundisha kwamba ajali ya kila nafsi imeandikwa na Allah (SW), haitangulii wala haichelewi. Kijana anayejifunza udaktari anaihitaji itikadi hii kuliko wengi, la sivyo kila mauti ataibeba mgongoni mwake. Lakini itikadi hiyohiyo haimpi ruhusa ya kulegea. Mtume (SAW) ametufundisha kutafuta tiba, na imepokewa kutoka kwake kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Kwa hiyo matokeo ni ya Allah, na juhudi ni swali litakaloulizwa. Binti wetu alilielewa hivyo. Aliporudi kazini aliomba afundishwe upya kuweka mpira wa hewa kooni, akarudia kwenye sanamu la mazoezi jioni baada ya jioni.

Wazazi waliuliza pia kuhusu mwanamke wa Kiislamu kumhudumia mwanamume. Wanazuoni wameeleza kwamba anapokuwapo mtabibu wa jinsia moja na mgonjwa, na mwenye uwezo, huyo hutangulizwa. Ikiwa kuna haja au dharura, basi yanaruhusiwa yale yanayohitajika kwa kadiri yake. Vitabu vya sira vinamtaja Rufaida al-Aslamiyya (RA), aliyetibu majeruhi. Sa'd bin Muadh (RA) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, aliwekwa katika hema lake msikitini kwa Mtume (SAW), Madina. Binti alitusimulia juu ya mzee aliyekataa kuguswa naye huku pumzi zikimwishia, hata mkewe akamwambia, "Baba Fulani, huyu ni mjukuu wako, mwache akuokoe." Mzee akakubali, na siku ya kutoka akamwombea dua.

Kuhusu swala, wahudumu Waislamu katika zamu yake hupokezana, mmoja huswali na wengine hubaki na wagonjwa. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamemruhusu tabibu aliye katika kazi isiyoachika, kama upasuaji mrefu, kujumuisha Adhuhuri na Alasiri au Magharibi na Isha. Ruhusa hiyo ni ya haja, wala isigeuzwe kuwa mazoea. Mwenye utata amuulize mwanachuoni wake.

Sehemu yetu sisi

Tulipomuuliza jamii imsaidie vipi, tulidhani atataja fedha. Akataja damu. Mara nyingi ndugu kumi huja na majeruhi mmoja, na linapotajwa suala la kuchangia damu hubaki wawili. Mtu mzima mwenye afya njema na uzito wa kuanzia kilo 50 anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu haitengenezwi kiwandani. Ikikosekana katika benki, majeruhi hana mbadala. Qur'ani Tukufu imelipa jambo la kuihuisha nafsi moja uzito wa kuwahuisha watu wote. Ni wapi tena tutaipata fadhila hiyo kwa nusu saa ya kukaa kitini?

Aliomba mengine ambayo hayagharimu kitu. Mtoto mwenye degedege au homa kali apelekwe kituo cha afya saa ileile, na dua asomewe njiani. Mgonjwa aje na dawa anazotumia na kadi yake. Familia ichague msemaji mmoja. Majeruhi asipigwe picha za kusambazwa simuni, kwani heshima ya Muislamu haiondoki kwa kulazwa juu ya machela. Mwanafunzi akija kumhudumia mgonjwa wetu, tunayo haki ya kumuuliza ni nani na nani anamsimamia. Tukishajibiwa, tumpe nafasi. Daktari bingwa tunayemtaka kesho anajifunza leo kwa wagonjwa wetu, na hakuna njia nyingine.

Na wazazi wenye watoto vyuoni wajue kwamba mtoto anayetoka kushuhudia mauti haulizwi kwanza amepata alama ngapi. Aulizwe kama amekula, kama amelala, kama ameswali. Wala simu yake isigeuzwe kuwa zahanati ya ukoo mzima, kila mwenye kikohozi ampigie usiku.

Binti amebakiza miezi michache amalize mwaka wake. Siku hizi akiingia zamu hukagua kwanza mtungi wa oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi na kipimo cha sukari, kabla mgonjwa hajafika. Humwendea mgonjwa kwa salamu, humtajia jina lake na kumwambia kwamba ni mwanafunzi. Wapo sasa wa mwaka wa nyuma yake wanaokosa mishipa, naye huketi kando yao.

Kamati yetu imeafikiana na wazazi kuandaa siku ya kuchangia damu hapa msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, kwa kushirikiana na wataalamu wa damu salama. Tunaihimiza misikiti mingine ifanye kama hivyo, na iwatafute vijana wao walio vyuoni ili wajue kwamba nyumbani kuna watu wanaowaombea. Tunamuomba Allah (SW) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, aithibitishe mikono yao, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.