JE, WAJUA? Mvua ya Simiyu huishia kusikokutana

Mvua inayonyesha katika mkoa mmoja wa Simiyu, Tanzania, huelekea pande mbili zisizokutana kamwe. Mto Simiyu huyapeleka maji yake Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Kutoka huko maji hutokea Jinja, Uganda, yakafuata Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Lakini kusini mwa Wilaya ya Meatu, maji hutiririka kuelekea Ziwa Eyasi. Ziwa hilo la chumvi halina mto unaotoka. Maji yakifika hapo, hukauka kwa jua.

• Mkoa una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Ufuo wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

• Lamadi, mji mdogo wa Busega, una ziwa upande wa magharibi na nyika za Serengeti upande wa mashariki. Mvuvi na nyumbu ni majirani.

• Simiyu ilizaliwa mwaka 2012, ikimegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao makuu yake ni Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Ongezeko hilo ni zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi.

• Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba.