Mabega ya Kina Kukhu

Wajukuu zangu, sogeeni karibu niwasimulie habari za kina nyanya wanaocheza ngoma, wale ambao Wabukusu wa Bungoma, Kiminini na Kitale tunawaita kukhu.

Ngoma yenyewe ni kamabeka, ngoma ya mabega. Litungu ndilo huanza, kile chombo cha nyuzi saba ambacho mpigaji hukipakata. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia. Wachezaji wanasimama wakitazamana, miguu imeshika ardhi, na mabega yanaanza kutikisika, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Kijana akijaribu mara ya kwanza hutikisa kila kitu: kichwa, kiuno, mikono. Kukhu hutikisa mabega peke yake, na kichwa kimetulia kabisa. Hapo ndipo mtamjua mwenye ngoma ni nani.

Mtu wa miaka 75 aliyepalilia mahindi maisha yake yote, magoti yanamuuma. Kuruka hawezi. Lakini kamabeka haimdai magoti, inamdai mabega, pumzi na sikio, na hivyo anavyo. Ndiyo maana msishangae kumwona ameweka fimbo kando, amejifunga leso kiunoni, na vigelegele vinapaa.

Mbona wanacheza pamoja? Kwa sababu wimbo ni mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Anayeongoza akisahau ubeti, jirani yake anaudaka kabla hujajua kuna kilichopotea. Akikatika pumzi, mwingine anapokea. Nyimbo hizo zina majina ya mababu, mafumbo ya kumwonya bwana harusi, na maneno ya kumpa moyo kijana anayekwenda kutahiriwa Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Huyu anakumbuka mwanzo, yule anakumbuka mwisho. Wakiwa pamoja, wimbo wote upo.

Kwa watu wa Kiminini, huku Trans Nzoia, kuna jambo jingine. Kabla ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963, mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru, familia nyingi zilitoka Bungoma zikaja kununua au kugawiwa ardhi huku. Basi mfikirieni bibi arusi wa miaka ile, ameletwa mahali ambapo jirani hamjui, na mama yake yuko mbali. Alipoitwa kuitikia wimbo kwenye harusi ya jirani, alipata watu. Wengi wa kina kukhu mnaowaona wakitazamana uwanjani leo wamelimiana mashamba, wamezikiana waume, wamechangiana karo za watoto. Ngoma yao imebeba hayo yote.

Wataalamu nao wamelitazama jambo hili la wazee kucheza. Mwaka 2003, jarida moja kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee 469 wa New York waliopita miaka 75. Katika michezo na mazoezi ya mwili waliyoyachunguza, ni kucheza dansi tu kulikoendana na uwezekano mdogo wa mzee kupoteza kumbukumbu. Haina maana kwamba ngoma ni dawa. Ila mchezaji hukumbuka hatua, husikiliza mlio na humtazama mwenzake kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi kubwa kwa ubongo.

Mkitaka ushahidi wa karibu zaidi, mwulizeni mtu wa Unguja kuhusu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka. Alikuwa kungwi wa unyago, tena mwimbaji wa taarabu. Uzeeni mwake kabisa bado alisimama jukwaani na ngoma ndefu imefungwa kiunoni, akipiga na kuimba. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na visiwa vikamlilia.

Kuna jambo linaloniuma. Kina kukhu huitwa kwenye mikutano kuwachangamsha watu wakati mgeni rasmi anasubiriwa. Akitokea tu, wimbo unakatwa katikati, wanapewa soda, wanaambiwa wakae. Huo ni utovu wa heshima. Mtu aliyebeba wimbo kwa miaka hamsini aachwe aumalize, na alipwe kama fundi mwingine yeyote.

Majirani zetu wa Kakamega wametuonyesha hatari iliyopo. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee, na hawana wa kuwarithi. Kamabeka nayo haina kinga dhidi ya hilo.

Kwa hiyo Desemba shule zikiwa zimefungwa, ukienda kwa kukhu, usimrekodi kwa simu tu ukaondoka. Msalimie, msaidie kazi yake, kisha mwombe akufundishe. Simama mbele yake, tuliza kichwa, uanze na mabega. Atakucheka kidogo, vumilia, endelea. Na siku kikundi chao kitakapoitwa harusini, nenda ukaitikie.