Otavalo: Kwa nini mji huu wa wafumaji haujafa?

Viwanda vimeua ufumaji wa mikono sehemu nyingi duniani. Lakini Otavalo, mji wa milimani nchini Ecuador, Amerika Kusini, bado unaishi kwa nguo. Siri ni moja: mfumaji wa pale ni mfanyabiashara pia.

Mji uko kaskazini mwa Quito, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kila Jumamosi gulio la Plaza de Ponchos hufurika mpaka mitaa ya jirani: mablanketi, shali, mikanda na maponcho.

Walianza lini?

Zamani, kabla ya Wahispania. Wachuuzi walioitwa mindalá walisafiri mbali na bidhaa kwa niaba ya machifu wao.

Wahispania walipofika karne ya 16, ujuzi ukageuka mzigo. Wenyeji walilazimishwa kufuma katika karakana zilizoitwa obraje. Nguo iliuzwa mbali, faida ikaenda kwa wengine.

Baadaye familia nyingi zilitumikia mashamba ya matajiri ili tu zipate kipande cha ardhi cha kulima. Mfumo huo ulipigwa marufuku na sheria ya ardhi ya mwaka 1964.

Nini kilibadilika?

Wafumaji hawakumngoja mnunuzi aje. Walibeba mizigo wenyewe hadi Colombia, kisha Ulaya na Marekani. Safari hii faida ilirudi nyumbani, ikanunua ardhi, ikajenga nyumba, ikaleta mashine za kufumia.

Pesa ikaleta na sauti. Mwaka 2000, Mario Conejo alichaguliwa kuwa meya wa kwanza wa Otavalo kutoka jamii ya Wakichwa, wenyeji wa asili.

Sasa tatizo liko wapi?

Ni hizohizo mashine. Shali ya kiwandani na ya mkono zinalala meza moja, na mteja anaangalia bei tu. Anayeumia ni mzee anayefuma kwa kitanda cha kufunga kiunoni, kazi ya siku nyingi. Vijana nao wanapiga hesabu: kuuza kunalipa kuliko kufuma.

Yaani biashara iliyouokoa ufumaji sasa inaweza kuendelea bila huo ufumaji.

Ukibahatika kufika, muulize muuzaji: nani kaifuma hii, na wapi? Vijiji vya wafumaji kama Peguche viko jirani tu. Nenda ukajionee, na ukiweza, nunua hukohuko.