Umeme Ukirudi, Seva Inuke Yenyewe: Msimamizi Yupi wa Huduma Anakufaa?

Duka la dawa Mwanjelwa jijini Mbeya, sekondari ya Kihesa mjini Iringa na ofisi ya chama cha ushirika Rungwe zinaweza kutegemea kitu cha aina moja: kompyuta iliyo chini ya meza, inayotunza hesabu zote. Radi ya msimu wa mvua ikikata umeme, inazimika. Umeme ukirudi, inapaswa kuinuka yenyewe bila kumsubiri fundi.

Kuziinua programu zake ni kazi ya msimamizi wa huduma, yaani programu inayoanzisha nyingine mashine ikiwaka. Mifumo yote ya aina hiyo tunayoilinganisha hapa ni ya Linux na ni ya bure; kwenye mabano ya vichwa ni matoleo ya Linux yanayoitumia. Gharama zake ni bando la kupakua, RAM, saa za fundi na nauli yake akiitwa tena. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, kwa hiyo kosa la mstari mmoja laweza kula siku nzima pamoja na posho.

Unachonunua hasa

Mashine ikiwaka ina kazi za aina mbili. Za mara moja ni kama kukagua diski iliyozimwa ghafla, kuunganisha diski ya nakala na kurekebisha saa. Hiyo ya saa isidharauliwe: Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani inayotembea umeme ukikatika, hivyo mauzo ya leo yanaweza kuandikwa kwa tarehe ya nyuma. Aina ya pili ni huduma za kudumu, kama hifadhidata na seva ya wavuti, ambazo lazima ziinuliwe kila zinapoanguka.

Hasara huanza aina hizi zinapochanganywa. Msimamizi asiyeambiwa kwamba kazi ni ya mara moja anaweza kuiona imekwisha, akaihesabu imeanguka, na kuianzisha tena na tena.

systemd (Debian na Ubuntu)

Debian na Ubuntu zimekuwa zikija nayo tangu 2015, kwa hiyo fundi wa kuielewa hupatikana kwa urahisi zaidi. Kazi ya mara moja huandikwa `Type=oneshot` pamoja na `RemainAfterExit=yes`, na zamu hupangwa kwa `Before=` na `After=`. Kuna mitego miwili. Kazi ya `oneshot` haina kikomo cha muda usipoiwekea: ikisubiri diski isiyokuwepo, huduma zilizo nyuma yake nazo zitasubiri. Weka `TimeoutStartSec=60`. Pili, huduma hairudishwi ikianguka mpaka uandike `Restart=on-failure`. Kwa upande wa bando, Ubuntu Server inazidi GB 2, ilhali kisakinishi kidogo cha Debian hakifiki GB 1, ingawa kitapakua vingine kikiwa kazini.

OpenRC (Alpine)

Ni nyepesi, na kompyuta kuukuu yenye RAM ya MB 512 inaibeba. Kazi za mara moja huwekwa katika `/etc/local.d`, kwa faili linaloishia na `.start`, na huduma ya `local` iwashwe. Ila haisimamii huduma hadi uiambie `supervisor=supervise-daemon`. Gharama iliyojificha ni hii: Alpine hutumia maktaba ya musl, hivyo programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa ajili ya Ubuntu huenda isifanye kazi. Muulize aliyekuuzia kwanza.

runit (Void)

Ni ndogo na inaeleweka upesi, na kila huduma ikianguka huiinua papo hapo. Kwa msimamizi huyu, kila kitu ni cha kudumu. Kazi za mara moja huwekwa katika `/etc/rc.local`, inayotekelezwa kabla ya huduma. Kazi inayohitaji hifadhidata iwe macho haiwezi kukaa hapo. Iandikiwe huduma yake, isubiri kwa `sv check`, imalize, kisha itulie kwa `exec pause`.

s6-rc

Mwandishi wake, Laurent Bercot, ametenganisha `oneshot` na `longrun` tangu mwanzo, na kila moja yaweza kuitegemea nyingine. Kwa mpangilio ndiyo safi kuliko zote. Gharama yake ni saa za kujifunza: maelezo ya huduma lazima yakusanywe kwa amri maalumu kabla ya kutumika, na mafundi wanaoijua ni wachache.

Njia ya mkato

`@reboot` ya cron huandikwa kwa mstari mmoja. Haihakikishi zamu wala hairudii kazi iliyoshindikana. Itumie kwa kazi isiyotegemewa na nyingine tu.

Ushauri wetu

Duka, shule na ofisi nyingi zibaki na Debian na systemd: ugumu wa kumpata fundi ni gharama kubwa kuliko RAM. Mashine kuukuu ichukue Alpine, programu zake zikikubali. runit na s6-rc zimfae mwenye fundi wa kudumu. Pesa ya kwanza iende kwenye UPS, kwani hakuna msimamizi anayeponya diski iliyoharibiwa na kuzimwa ghafla.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe mambo manne mbele yako: aiwashe upya mashine bila kugusa kitu, aiue huduma kwa `kill -9` uone ikirudi, achomoe diski ya nakala, awashe tena, uone kama mauzo bado yanafanyika, kisha akukabidhi mafaili yote ya mpangilio kwenye flash. Likishindikana moja, kazi haijaisha.